Runinga Iliyowaka Yenyewe

Land Cruiser ya polisi ilikuwa imeshaiacha Nyamwaga nyuma na inapanda kilima kuelekea Tarime mjini. Neema alikaa nyuma, pingu mikononi, miguu ameikunja kwa sababu ya mikungu miwili ya ndizi ambayo dereva Sadock alinunua asubuhi. Inspekta Modesta alikaa mbele.

Neema alikuwa karani wa kituo cha kuhifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hapo Nyamwaga palikuwa na ofisi tu. Wasichana wenyewe walifichwa kwenye nyumba za watu wa kuaminika, mmoja huku, mwingine kule, ili wazazi wasijue pa kuanzia. Wegesa, binti wa Nchagwa wa Nyansurura, umri miaka kumi na mitano, alifichwa Kemambo kwa nesi mstaafu, Tabitha. Jana Ijumaa wanaume wawili walifika pale na pikipiki wakasema wametumwa na ofisi kumpeleka hospitali. Walimtaja binti kwa jina. Tabitha akawapa.

Meneja wa kituo, Simoni, alisema wanaojua siri ile ni watatu: yeye, Tabitha na karani. Yeye hakusema, Tabitha hakusema. Kwa hiyo asubuhi hii karani alifungwa pingu mbele ya senta nzima, na watu wakapiga makofi.

"Neema," Modesta alisema bila kugeuka. "Wale wanaume walimwambia Tabitha wanampeleka binti hospitali. Kutibiwa nini?"

"Pumu. Ndivyo walivyomwambia Tabitha."

"Nani alijua pumu imembana wiki hii?"

"Hakuna. Hata mimi nilijua Alhamisi. Tabitha aliniandikia kwamba mtoto anabanwa na kifua na ile dawa ya kuvuta imeisha. Nilikuwa namjibu, umeme ukakatika."

"Ulikuwa unamjibu kwa simu?"

"Simu yangu iko kwa Felix fundi, kioo kilivunjika. Nilikuwa natumia WhatsApp ya kompyuta."

"Umeme ulipokatika ukafanya nini?"

"Nikafunga ofisi nikaenda gulioni. Ningekaa gizani kufanya nini? Mashine ilikuwa imezimika."

"Ni kompyuta gani? Ile kubwa ya mezani?"

"Laptop."

Modesta aligeuka sasa. Kwao ni Nata, amekaa upelelezi miaka mingi, na ana tabia ya kumtazama mtu kwa jicho moja kana kwamba lingine analihifadhi.

"Laptop ina betri, mama. Umeme ukikatika haizimiki."

Neema alitikisa kichwa.

"Ilizimika," akasema. "Niliiona. Ikawa nyeusi."

"Sadock, geuza gari."

"Afande, mkuu wa kituo kule Tarime anasubiri mtuhumiwa..."

"Asubiri. Amezoea kusubiri chai, atasubiri na hili. Geuza."

Nyamwaga walimkuta Simoni mlangoni mwa ofisi, mikono kiunoni. Alikuwa mwanaume mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Mmemrudisha? Huyu? Mtoto wa watu anakwenda kuharibiwa, ninyi mnazungushana na gari?"

"Fungua ofisi, bwana Simoni."

"Nimeshaeleza kila kitu."

"Umeeleza. Sasa nataka kuona."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Meza, kabati la chuma limefungwa kufuli, na ukutani runinga ya inchi thelathini na mbili. Dirisha lilikuwa na nondo na kioo, bila pazia. Juu ya meza kulikuwa na kibodi na mausi, lakini kompyuta haikuonekana. Waya zilipita kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa kabati.

"Iko wapi hiyo laptop?"

Neema alionyesha kabati kwa kidevu. Modesta alimfungua pingu, akampa ufunguo aliochukuliwa asubuhi. Ndani ya kabati, juu ya feni ndogo, kulikuwa na laptop nyeusi, mfuniko umefungwa kabisa. Taa yake ndogo ya ubavuni ilikuwa inawaka.

"Unaitumiaje ikiwa imefungwa?"

"Kioo chake kilipasuka mwaka jana, kikawa kinacheza kama mganga. Felix akakizima. Akaunganisha TV. Meneja akasema basi ikae humu, wezi wakija wakute TV tu, hawataweza kuing'oa."

"Wewe unaangalia TV."

"TV. Hii ya ndani sijaifungua tangu wakati huo."

Modesta alimtuma Sadock amlete Felix. Alikuwa amesikia jina hilo mara mbili ndani ya nusu saa, na jina likirudi namna hiyo yeye huwa hapendi. Zaidi ya hapo Simoni, akitaka kusaidia sasa, alimnong'oneza kwamba Felix ni ukoo mmoja na Nchagwa, baba wa binti. Na Alhamisi jioni alionekana akivuka daraja la Mto Mara kwenda upande wa Serengeti, iliko Nyansurura.

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Asubuhi hukuuliza."

Felix alikuja na bisibisi mfukoni na kofia imegeuzwa nyuma. Hakuamkia mtu.

"Shikamoo imeisha dukani kwako?" Modesta akamwuliza.

"Shikamoo afande. Nilidhani polisi hamna muda."

"Simu ya Neema iko wapi?"

"Mezani kwangu, matumbo nje. Kioo kinatoka Sirari, jamaa ananizungusha, mara kesho, mara kesho. Nenda kaione. Imekaa uchi tangu Jumatano."

Sadock alikwenda, akarudi na kisahani cha plastiki. Simu ilikuwa vipande, betri kando, hakuna kioo. Isingeweza kuonyesha meseji kwa mtu yeyote.

"Alhamisi jioni ulikwenda wapi?"

"Kuvuka mto. Kwa shangazi yangu, redio yake imekufa."

"Shangazi yako na Nchagwa..."

"Ukoo mmoja, ndiyo. Afande, nusu ya senta hii ni ukoo mmoja na Nchagwa. Kamateni wote. Leteni lori."

Sadock alicheka, kisha akaona uso wa Modesta, akaacha.

"Mimi dada yangu alikufa na hayo mambo," Felix akasema kwa sauti nyingine, ndogo. "Alitoka damu mpaka jioni. Kama ningejua alipo huyo binti ningemhamisha, siyo kumsema. Niulize jingine."

Modesta akauliza jingine.

"Hii laptop. Umeme ukikatika inakuwaje?"

"Inaendelea. Ina betri nzuri, niliibadilisha mwenyewe. Inakaa saa tatu nzima bila umeme."

"Na mfuniko umefungwa?"

"Laptop ukiifunga mfuniko, kawaida inalala. Sasa hii ikilala TV itaonyesha nini? Nikaiambia isilale. Mfuniko ukifungwa, usifanye kitu. Iwe ina umeme, iwe haina. Na kioo chake cha ndani nikakizima, picha yote iende nje."

"Kwa hiyo TV ikiwa nyeusi..."

"TV ndiyo imezimika. Mashine iko macho. Huyu nilimwambia."

"Hukuniambia!" Neema akasimama. "Uliniambia nisiifungue tu! Ulisema usiguse, usifungue, fanya kazi kwenye TV. Mimi nikajua mashine ndiyo hiyo TV!"

"Sasa mashine gani inakaa ukutani, dada?"

"Wewe ndiye fundi, mimi nitajuaje?"

Modesta aliwaacha wagombane. Alisogea dirishani. Ng'ambo ya njia, hatua chache tu, kulikuwa na kibaraza cha fundi cherehani, bati juu na benchi refu chini. Mwanamke alikuwa anashona, mgongo umeinama. Modesta aligeuka kuitazama runinga. Ilikuwa inatazamana na dirisha sawasawa, kwa sababu soketi pekee ya chumba kile ilikuwa kwenye ukuta ule.

"Neema, iweke kama ilivyokuwa Alhamisi. Meseji ya Tabitha."

Neema alishika mausi. Runinga iliwaka na maandishi yakatokea makubwa, kama ya tangazo la mkutano. *Wegesa anabanwa sana na kifua, dawa yake ya pumu imeisha. Nileteeni hapa kwangu Kemambo.* Chini yake jibu ambalo halikumalizika.

"Mbona maandishi makubwa hivi?"

"Macho yangu, afande. Niliyakuza."

Simoni alitoa leso akajifuta shingo.

"Sadock," Modesta akasema, "nenda kwenye swichi kuu. Nikinyoosha mkono, zima. Nikinyoosha tena, washa."

Alivuka njia, akasalimia, akakaa kwenye benchi la fundi cherehani. Mwanamke yule aliitwa Elieth, senta nzima inamjua. Alishona sare za shule, magauni ya kipaimara, na msimu huu wa Desemba vitambaa vya sherehe za mabinti wanaotoka kwa ngariba.

"Karibu afande. Una nguo?"

"Napumzika tu, mama. Jua kali."

Akanyoosha mkono. Ndani ya ofisi runinga ikawa nyeusi. Ukiangalia hapo ungeapa kwamba kila kitu kimekufa. Alikaa kidogo akimtazama Elieth akitunga uzi mweusi na kupitisha kitambaa chini ya sindano. Akanyoosha mkono tena. Runinga ikafikiri, ikatoa rangi ya bluu, halafu yale maandishi yakarudi, kila neno mahali pake. Kutoka kwenye benchi yalisomeka bila shida.

Elieth hakuinua hata kichwa.

"Hiyo nayo," akasema. "Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe. Hapa umeme unakatika kama kwikwi. Vijana wanakimbilia hapa wakidhani ni mpira, wanakuta barua."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na mwenyewe ameshafunga mlango amekwenda zake."

"Alhamisi ya gulio ilikuwa hivyo?"

Gurudumu la cherehani lilisimama.

"Alhamisi mimi nilikuwa na kazi nyingi."

"Hapo palikuwa na meseji gani?"

"Mimi macho yangu mabovu, afande. Sioni maandishi."

"Sasa hivi umetunga uzi mweusi kwenye sindano ya cherehani, bila miwani."

Elieth alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ulimpigia nani simu?" Modesta akauliza.

"Nikikuambia utanifunga."

"Usiponiambia binti atakatwa."

"Nilimpigia mama yake." Sasa alimtazama usoni, tena kwa hasira. "Mama yake, siyo baba. Yule mwanamke alikuja hapa gulio lililopita, akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akilia. Anauliza kila anayepita, mmemwona mwanangu, mwanangu ana kifua, ameondoka bila dawa. Mlitaka nione jina la mtoto wake limeandikwa ukutani kubwa namna ile halafu ninyamaze? Wewe umezaa?"

"Nimezaa."

"Basi. Nikamwambia mwanao yuko hai, yuko Kemambo, anabanwa na kifua. Akaniambia atakwenda mwenyewe na dawa. Mwenyewe! Hayo ya wanaume wenye pikipiki mimi nimeyasikia leo kama wewe."

"Kemambo ina nyumba nyingi. Walijuaje ni kwa Tabitha?"

"Tabitha ameandika jina lake pale juu, nami nikalitaja. Nani hamjui nesi Tabitha? Amezalisha nusu ya watu wa huko."

Modesta alitazama. Juu ya meseji, kwenye mstari wa kijani, iliandikwa: *Nesi Tabitha*. Ilikuwa kweli. Ofisi ilificha wasichana katika wilaya nzima, kisha ikaandika walipo kwenye ukuta unaotazama dirisha.

"Binti sasa hivi yuko wapi, mama?"

Elieth aliokota kipande cha uzi chini.

"Mama Elieth. Nimekuuliza kwa adabu."

"Amenipigia asubuhi. Mama yake. Kunishukuru." Sauti yake ilishuka. "Na kunialika. Mabinti wanatoka leo, Nyansurura, kwa yule bibi ngariba anayekaa kilimani, juu ya josho la ng'ombe. Wakitoka pale wanateremka kila mtu kwao."

"Wanatoka saa ngapi?"

"Afande, wewe si mtu wa huku?"

"Jibu."

"Hayo mambo hufanywa alfajiri."

Modesta alikuwa ameshasimama.

Alimchukua Neema pia, kwa sababu ndiye aliyemjua binti kwa sura. Pingu zilibaki mezani. Sadock aliendesha kama aliyetumwa na shetani. Mikungu ya ndizi ilirukaruka nyuma mpaka Neema akaitupa nje dirishani, mmoja, kisha wa pili, na Sadock hakulalamika. Walipita Kemambo bila kusimama. Kwenye daraja la Mto Mara walikuta ng'ombe wametanda, mchungaji anapiga mluzi taratibu, na honi ikawachanganya zaidi.

"Waondoe!" Sadock alimpigia kelele.

"Wana miguu yao wenyewe, tata," yule mchungaji akajibu. "Waambie wewe."

Ng'ambo ya mto Modesta aliwapigia polisi wa Mugumu, akawapa jina la kijiji na la bibi wa josho. Wakasema gari lao liko Fort Ikoma, litakuja. Akakata simu.

"Tungekwenda moja kwa moja asubuhi..." Neema alianza.

"Asubuhi hatukujua pa kwenda."

"Asubuhi mlikuwa mnanifunga mimi pingu."

Modesta alimwambia Sadock aongeze mwendo.

Waliusikia msafara kabla ya kuuona. Filimbi, vigelegele, kengele za miguuni. Sadock alipunguza mwendo kwenye kona, na barabara ikawa imejaa watu. Mbele vijana wenye fimbo na nyuso zilizopakwa unga, wanaruka. Nyuma yao mabinti wanne, kila mmoja chini ya mwavuli ulioshikwa na ndugu, khanga mpya mabegani, noti zimebandikwa kichwani kwa pini. Walikuwa wanatembea polepole sana, hatua fupi, miguu imeachana.

"Ni yule wa tatu," Neema akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayeonyesha nyumba.

Modesta alishuka. Vijana walimzunguka.

"Afande, karibu sherehe!"

"Pisheni."

"Umechelewa, mama! Nyama ipo lakini!"

Wakacheka. Alipita katikati yao, Sadock nyuma yake na bunduki imeelekea chini, na mbele ya binti wa tatu akasimama. Wegesa alikuwa anapumua kwa shida, mabega yanapanda na kushuka. Mwavuli aliushika mama yake, mwanamke mwembamba aliyevaa rozari. Mkono wake wa pili ulishika kichupa cha bluu cha dawa ya pumu.

"Nimemletea," mama akasema kabla hajaulizwa. "Nilimwambia baba yake, twende tumpelekee dawa. Akasema mwachie mimi, nitawatuma vijana. Mimi nilitaka kumpelekea dawa tu, afande."

"Na leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimemshika."

"Ulimshika kumsaidia nani?"

Mama alitazama chini.

"Wangemshika watu wengine kwa nguvu," akasema. "Bora mimi. Angekaa nyumbani hivyo hivyo wangemwita msagane, asiyekeketwa, mpaka anazeeka, nani angemuoa, nani angekula chakula chake?"

Wegesa aliinua macho. Hakumwangalia Inspekta. Alimtazama Neema, aliyekuwa ameshuka na kusimama kando ya gari.

"Ulisema hakuna atakayejua," Wegesa akasema.

Neema alisogea hatua moja.

"Ulisema."

Filimbi ilianza tena upande wa mbele. Modesta aliamuru mabinti wote wanne wapandishwe kwenye gari wapelekwe hospitali, na hapo mawe yakaanza. Jiwe la kwanza lilivunja taa. La pili lilimpata Sadock begani. Aliweza kuwapakia wawili, Wegesa na mdogo aliyekuwa nyuma yake. Wale wengine walibebwa na ndugu zao wakaingizwa kwenye migomba. Mama wa Wegesa alikimbia kando ya gari, akamrushia binti yake dawa kupitia dirishani, kisha akaachwa.

Wegesa alilazwa Mugumu akapona. Kituo kilimtumia ujumbe kwamba nafasi yake ipo. Alisema hataki nafasi yoyote yenye jina lake. Alirudi Nyansurura, hakurudi shule, na aliolewa baada ya mavuno. Yule mdogo aliyepakiwa naye alichukuliwa na mjomba wake Musoma, anasoma huko.

Nchagwa alikimbilia Kenya kupitia Sirari, akarudi mambo yalipopoa. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Mama alikataa kutoa ushahidi, Wegesa naye alikataa, hakimu akamwachia Nchagwa. Wale wawili wa pikipiki hawakutambuliwa rasmi, ingawa kila mtu anawatambua. Bibi wa josho alikamatwa mwaka uliofuata kwa kesi nyingine na akafungwa.

Elieth hakushtakiwa kwa lolote. Anashona palepale. Felix alihamia Mwanza. Tabitha hapokei tena msichana yeyote nyumbani kwake na mlango haufungui kwa mgeni. Simoni alipandishwa cheo akapelekwa makao makuu. Neema aliachiwa bila masharti na akaachishwa kazi wiki hiyohiyo, na pale Nyamwaga bado wapo wanaosema aliuza mtoto. Modesta alistaafu, anafuga mbuzi Nata.

Mama wa Wegesa ana mabinti wengine wawili. Mdogo ana miaka tisa.